Mlango uliozuiwa si mlango mbovu



Leo tunakusudia kuzungumza juu ya chombo kilichomo katika shule, zahanati, maduka na ofisi nyingi tunazoziendea, lakini ambacho ni wachache wetu waliowahi kukitazama kwa makini. Chombo hicho ni swichi ya mtandao. Hatuikusudii ile swichi ya taa ukutani. Tunakusudia kile kisanduku cha chuma au plastiki chenye matundu yaliyopangwa safu, waya umeingia kila tundu, na vitaa vidogo vya kijani vikipepesa usiku na mchana.

Mtandao unapokatika mahali pa kazi, tabia iliyozoeleka ni mtu kuinuka, akachomoa nyaya mbili tatu na kuzichomeka upya, kisha akauzima umeme na kuuwasha. Wakati mwingine mambo hutengemaa, na aliyefanya hivyo husifiwa kuwa ni fundi hodari. Wakati mwingine tatizo la chumba kimoja hugeuka kuwa tatizo la jengo zima, na mchana ukapita mishahara haijalipwa, wagonjwa hawajasajiliwa, na watoto waliokaa tayari kwa mtihani wa kompyuta wakarudishwa madarasani. Aghalabu kinachotenganisha matokeo haya mawili ni jambo moja dogo: je, aliyeinuka aliitazama kwanza hali ya milango ya swichi, au alianza kwa kugusa?

Tunaandika haya kwa makundi mawili. La kwanza ni vijana wetu wanaojifunza kazi hii au wanaotamani kuijua. La pili ni wazazi, walimu na wasimamizi wa taasisi zetu, ambao hawatazifunga nyaya kwa mikono yao, lakini ndio wanaowaajiri mafundi na ndio watakaoulizwa mambo yanapoharibika.

Daraja na milango yake

Mafundi hulitaja kila tundu la swichi kwa jina la poti. Sisi katika makala haya tutaliita mlango, maana ndiyo kazi yake: habari huingia na kutoka hapo. Na swichi yenyewe, katika lugha ya waliotunga kanuni za mitandao, ni daraja, kwa sababu chombo cha kwanza cha aina hii kilikuwa na milango miwili tu na kazi yake ilikuwa kuunganisha vipande viwili vya mtandao mithili ya daraja linalounganisha kingo mbili za mto. Swichi ya leo ni daraja lile lile lililoongezewa milango, ikawa minane, ishirini na minne au arobaini na minane. Ndiyo maana fundi anayefungua kurasa za swichi hukutana na maneno yanayozungumzia hali ya milango ya daraja, hata kama hapana daraja lolote analoliona kwa macho.

Kazi ya swichi ni nyepesi kuieleza. Kila kompyuta ina anwani yake iliyochorwa kiwandani. Swichi husikiliza: ikipokea ujumbe kutoka mlango wa tatu, huandika katika daftari lake kwamba anwani fulani iko upande wa mlango wa tatu. Ujumbe mwingine ukija unaokwenda kwa anwani hiyo, huupeleka mlango wa tatu peke yake na kuwaacha wengine na utulivu wao. Lakini ukija ujumbe wa mtu isiyemjua, au tangazo lililokusudiwa watu wote, swichi hulitoa kwenye kila mlango isipokuwa ule lilipoingilia.

Hapo ndipo shida inapozaliwa. Tuchukue mfano wa shule yenye majengo matatu: ofisi, maabara ya kompyuta na maktaba. Kila jengo lina swichi moja. Ofisi imeunganishwa na maabara kwa waya, na ofisi hiyo hiyo imeunganishwa na maktaba. Akaja mtu mwenye nia njema akasema: waya mmoja ukikatika, jengo moja litakuwa gizani, basi na tuongeze waya wa tatu baina ya maabara na maktaba uwe akiba. Rai yake ni nzuri. Lakini sasa pamekuwa na duara. Tangazo likitoka ofisini litakwenda maabara na maktaba. Maabara italipeleka maktaba, na maktaba italipeleka maabara, kisha yote mawili yatarudi ofisini na kuanza safari upya. Ujumbe wa daraja ya chini namna hii haubebi hesabu ya umri wake, hivyo hakuna kitakachouambia umetosha sasa, simama. Utazunguka maelfu ya mara katika sekunde moja, na kila tangazo jipya litajiunga na msafara huo. Vitaa vyote vitawaka kana kwamba vimeganda, na hakuna kompyuta itakayopata nafasi ya kusema neno. Mafundi huiita hali hii dhoruba, nayo inastahili jina hilo.

Si lazima majengo yawe matatu. Mtu mmoja akiuona waya unaning'inia mezani, ncha moja ikiwa tayari imo ukutani, akaichomeka ncha ya pili kwenye tundu jingine la ukuta ili apate unadhifu, huwa ameshatengeneza duara.

Mama aliyeitafutia dawa

Dawa ya maradhi haya ilitolewa mwaka 1985 na mwanamke wa Marekani aitwaye Radia Perlman, aliyekuwa mhandisi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation. Aliandika kanuni ambayo kwayo swichi zenyewe, bila ya kuamrishwa na mtu, huzungumza na kukubaliana ni nyaya zipi zitumike na zipi zikae pembeni, ili mtandao uwe na umbo la mti. Mti una shina na matawi, na tawi halirudi kujiunga na tawi jingine. Kwa hiyo hapana duara. Mwaka 1990 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliipitisha kanuni hiyo kuwa kiwango cha dunia nzima kwa jina la 802.1D, na mafundi wengi huifupisha kwa herufi STP. Mwaka 2001 likatoka toleo la kasi zaidi, ambalo wao huliita RSTP.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Kwanza, swichi huchagua moja miongoni mwao iwe shina. Inayochaguliwa ni yenye namba ndogo ya kipaumbele, na zikilingana, ni yenye anwani ndogo ya kiwandani. Pili, kila swichi nyingine hutafuta njia yake nafuu ya kufika shinani. Tatu, kila waya uliobaki, ambao ungeleta duara, hufungwa upande mmoja kwa kuuzuia mlango wake usipitishe habari. Shina hutuma salamu kila sekunde 2 kuwajulisha wote kuwa liko hai, na salamu zikikoma, au waya ukikatika, milango iliyozuiwa hufunguliwa kushika nafasi ya iliyopotea.

Basi tuyashike haya: mlango uliozuiwa na kanuni hii si mlango mbovu. Ni mlango wa akiba. Umefungwa kwa makusudi, na unaendelea kusikiliza salamu za shina ukingoja siku utakapohitajika. Asiyelijua hili atauona umeandikwa kuwa umezuiwa, atadhani ni hitilafu, ataizima kanuni nzima katika swichi zote tatu ili kila mlango ufunguke, na kabla hajasimama kutoka kitini shule nzima itakuwa imenyamaza.

Yaliyotokea Boston

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya mafundi, na kwamba mtandao wa shule ukilala nusu siku dunia haitaanguka. Tumkumbushe yaliyotokea Boston, Marekani, mwezi Novemba 2002, katika hospitali kubwa ya kufundishia iitwayo Beth Israel Deaconess Medical Center. Hospitali hiyo ilizaliwa mwaka 1996 kwa kuunganishwa hospitali mbili, na mtandao wake ulikuwa umekua kwa kuongezewa kipande juu ya kipande, mwaka baada ya mwaka. Kanuni ya STP, kwa vipimo vyake vya kawaida, inashauri kuwa baina ya kompyuta yoyote na nyingine zisizidi swichi 7. Mtandao ule ulikuwa umeshavuka mpaka huo katika baadhi ya sehemu, na kwa kuwa kazi za kila siku zilikuwa zikienda, jambo hilo halikuonekana.

Siku hiyo programu ya mtafiti mmoja ilimwaga habari nyingi mno katika mtandao. Swichi zikashindwa kusikilizana, mti ukavurugika, na duara likajitokeza. Kwa muda wa siku kama nne mtandao ulikuwa ukiinuka na kuanguka. Hospitali iliyokuwa imezoea kuagiza dawa, kupokea majibu ya maabara na kusoma majalada ya wagonjwa kwa kompyuta, ilirudi kwenye karatasi. Fomu zilijazwa kwa mkono na kupelekwa na watu wakitembea kwa miguu kutoka wadi hadi maabara, na miongoni mwa madaktari vijana walikuwamo wasiowahi kufanya kazi kwa namna hiyo. Wataalamu wa kampuni ya Cisco waliitwa kusaidia. Mkuu wa mifumo ya habari wa hospitali hiyo, Dakta John Halamka, hakulificha jambo hilo: alilieleza hadharani, na kisa hicho kimekuwa somo katika vyuo hadi leo.

Tunapenda wasomaji walizingatie jambo moja katika kisa hiki. Nyaya zilikuwa salama na umeme ulikuwepo. Kilichokosekana ni watu kuujua mti wao ulivyo, shina liko wapi, matawi yamefika umbali gani, na mlango upi uko katika hali ipi, kabla ya siku ya shida kufika. Habari hizo zote huandikwa ndani ya swichi, nazo humngojea mtu azisome.

Namna ya kuisoma hali ya milango

Swichi zenye uwezo wa kusimamiwa zina ukurasa wa kuzitazama kwa kivinjari, au hupokea amri za maandishi. Katika swichi za Cisco amri hiyo ni show spanning-tree. Katika kompyuta ya Linux iliyofanywa daraja, amri bridge link hutoa habari za namna hiyo. Majina hutofautiana baina ya kampuni na kampuni, lakini kwa kuwa kanuni ni moja, jedwali hufanana. Amri za kutazama hazibadilishi kitu, kwa hiyo kijana asiogope kuzitumia.

Juu ya jedwali huandikwa shina ni swichi ipi, kipaumbele chake na anwani yake. Hapo pasomwe kwanza. Kipaumbele cha kiwandani ni 32768, na hubadilishwa kwa hatua za 4096. Ikiwa swichi zote zimeachwa na namba hiyo, shina litachaguliwa kwa udogo wa anwani, na anwani ndogo huenda ikawa ya kifaa kikuukuu kuliko vyote, kilichowekwa juu ya kabati la stoo na kusahauliwa. Habari za jengo zima zitakuwa zinapita kwa mzee huyo, na siku akizimwa mtandao wote utasita huku ukitafuta shina jingine. Mwenye busara huichagua swichi imara iliyo katikati, akaipa namba ndogo kama 4096, na akaandika daftarini kwamba hiyo ndiyo shina.

Chini yake hufuata milango, kila mmoja kwa mstari wake. Safu moja hueleza wadhifa wa mlango. Mlango unaoelekea shinani huandikwa Root, na kila swichi isiyo shina ina mmoja tu. Unaohudumia waya kwa niaba ya shina huandikwa Desg. Wa akiba huandikwa Altn. Safu nyingine hueleza hali: FWD maana yake unapitisha habari, BLK maana yake umezuiwa, LIS maana yake unasikiliza, na LRN maana yake unajifunza anwani. Hali hizi mbili za mwisho ni za mpito. Katika kanuni ya zamani, mlango hukaa sekunde 15 katika kila moja kabla ya kufunguka. Ukiutazama baada ya dakika tano ukaukuta bado uko katika LRN, basi hujakuta mpito, umekuta mashaka, na inafaa uulize sababu.

Turudi kwenye shule yetu. Ofisi ndiyo shina. Katika swichi ya maktaba, mlango wa kwenda ofisini umeandikwa Root na FWD, na mlango wa kwenda maabara umeandikwa Altn na BLK. Hiyo ndiyo afya. Ukienda maabara ukautazama waya huo huo kwa upande wa pili, utaukuta umeandikwa Desg na FWD. Kijana asishangae: waya mmoja, ncha moja iko wazi na ncha nyingine imezuiwa, na inatosha ncha moja kuzuiwa ili duara likatike. Kwa sababu hiyo, anayetazama swichi moja tu hajauona mtandao. Ni wajibu azitazame pande zote mbili kabla ya kutoa hukumu.

Namba zinazosema kabla ya mtu kulalamika

Safu ya gharama ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, ilhali ndiyo yenye habari nyingi. Haizungumzii fedha. Ni kipimo cha wepesi wa waya, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo njia inavyopendelewa. Kwa hesabu ya zamani, waya wa megabiti 10 kwa sekunde una gharama 100, wa megabiti 100 una gharama 19, na wa gigabiti 1 una gharama 4. Kwa hesabu mpya, waya wa megabiti 100 una gharama 200,000 na wa gigabiti 1 una gharama 20,000. Swichi zote za mtandao mmoja zinapaswa kutumia hesabu moja, kwa maana zikichanganyika, njia zitachaguliwa kwa mizani mbili tofauti.

Sasa tuseme panya amekitafuna kipande cha waya baina ya maktaba na ofisi. Ndani ya waya huo mna nyuzi nane, yaani jozi nne. Gigabiti 1 huzihitaji jozi zote nne, lakini megabiti 100 hutosheka na jozi mbili. Waya hautakufa. Utaendelea kufanya kazi kwa kasi ndogo, na kitaa kitaendelea kuwaka. Lakini katika jedwali gharama itaruka kutoka 4 hadi 19. Swichi ya maktaba itahesabu upya: kupitia maabara gharama ni 4 na 4, jumla 8, nayo ni nafuu kuliko 19. Hapo itaufungua mlango wake wa akiba na kuuzuia ule wa kwenda ofisini. Watu wa maktaba hawatahisi lolote. Aliyezoea kulisoma jedwali ataona BLK mahali ambapo jana palikuwa na FWD, ataiona 19 mahali pa 4, na atajua kwamba waya una jeraha na kwamba akiba imeshaanza kuliwa. Ataubadilisha waya siku ya mapumziko kwa utulivu. Asiyesoma ataujua ugonjwa siku waya wa pili utakapokatika.

Kuna namba nyingine inayofaa kutazamwa kila wiki, nayo ni idadi ya mara umbo la mti lilivyobadilika, na muda uliopita tangu badiliko la mwisho. Mtandao uliotulia hukaa majuma mengi bila ya badiliko. Ukikuta mabadiliko kumi katika saa moja, basi pana waya unaokatika na kurudi, au kifaa kinachozimika na kuwaka, na swichi husaidia kwa kutaja mlango ambako habari ya badiliko imetokea.

Aina nne za kufungwa

Wepesi wa kukosea uko hapa, kwa hiyo tupafafanue. Mlango usiopitisha habari unaweza kuwa umefungwa kwa sababu nne, na kila moja ina tiba yake.

Ya kwanza ni mlango usio na kitu upande wa pili: waya haupo, umekatika, au kompyuta imezimwa. Tiba ni kuukagua waya na kifaa. Ya pili ni mlango uliofungwa kwa amri ya msimamizi, labda kwa sababu tundu lake liko ukumbini ambapo mgeni yeyote angeweza kuchomeka chombo chake. Tiba ni kumuuliza aliyeufunga kabla ya kuufungua. Ya tatu ni mlango wa akiba uliozuiwa na kanuni ya mti. Huo hauna tiba kwa sababu hauna ugonjwa. Ya nne ni mlango uliojifunga wenyewe kwa ulinzi.

Aina hii ya nne inahitaji maneno machache. Milango inayoelekea kwenye kompyuta za watumiaji haiwezi kuleta duara maadamu hapana swichi nyingine nyuma yake. Kwa hiyo msimamizi huiwekea alama ya kuwa ni milango ya ukingoni, ikafunguka papo hapo bila ya kungoja zile sekunde 30. Alama hii ina faida kubwa asubuhi, wakati kompyuta zinawashwa na kuomba anwani, maana kompyuta nyingine huchoka kungoja na kumwambia mwenyewe kwamba hakuna mtandao. Pamoja na alama hiyo huwekwa ulinzi: mlango wa ukingoni ukisikia salamu za swichi nyingine, ujifunge mara moja. Karani akichomeka swichi ndogo aliyoinunua dukani na kuizungushia waya, salamu za swichi kubwa zitarudi kwenye mlango uliozitoa, mlango utajifunga, na jengo litasalimika. Fundi atakayeufungua mlango huo bila ya kwenda kuangalia kilichochomekwa atakuwa ameufungulia mwizi yule yule.

Mipangilio isiyofaa kuguswa ovyo ni hii: kipaumbele cha swichi, gharama ya mlango, na alama ya ukingoni. Kuiweka alama hiyo kwenye mlango unaoelekea swichi nyingine ni kuuondoa mlango huo katika subira, na subira ndiyo inayoulinda mtandao. Hali kadhalika vipimo vya muda, yaani salamu kila sekunde 2, ngojo la sekunde 15 na umri wa sekunde 20, viachwe vilivyo ila kwa mwenye ujuzi kamili, naye avibadilishe kwenye shina.

Yanayowahusu wazazi na wasimamizi

Msimamizi wa shule au zahanati hahitaji kuzijua namba zote hizi. Anahitaji kuuliza maswali, na kuridhika pale tu atakapopata majibu yaliyoandikwa. Shina letu ni swichi ipi, na iko wapi? Tuna nyaya za akiba, na ni milango ipi inayotakiwa kuonekana imezuiwa? Ni lini mara ya mwisho jedwali lilitazamwa na nani? Nywila za swichi ziko kwa nani, na je, akisafiri au akiacha kazi, zitapatikana? Taasisi nyingi hugundua ubaya wa swali hili la mwisho kwa kuchelewa, fundi akiwa ameshaondoka na funguo kichwani mwake.

Tunashauri pawe na daftari la kawaida lenye mchoro wa nyaya na nakala ya jedwali lilivyo siku ya afya. Siku ya maradhi fundi atakuwa na cha kulinganisha. Tunashauri pia kwamba mara moja kila muhula, kwa saa iliyokubaliwa na watu wakiwa wameshaarifiwa, waya mmoja wenye akiba uchomolewe kwa makusudi ili ionekane kama akiba inafunguka kweli. Akiba isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Ifahamike kwamba swichi ndogo za bei nafuu, zisizo na ukurasa wa kusimamiwa, hazina jedwali lolote la kutazama, na nyingi kati yake hazishiriki katika kanuni hii. Nyumbani zinatosha kabisa, maana nyumbani kwa kawaida hapana duara. Lakini penye majengo mawili au zaidi na nyaya zinazopishana, kuokoa fedha kwa kununua swichi isiyoonekana ndani yake ni kununua giza. Wanaonunua kwa fedha za michango wajue kuwa wamekabidhiwa amana, na wamwulize muuzaji kabla ya kulipa kama kifaa kinasimamiwa na kama kinaijua STP au RSTP.

Na wazazi wenye mabinti na vijana wanaopenda kompyuta tunawaambia kwamba elimu hii haidai vifaa vya gharama. Kompyuta kuukuu yenye Linux inaweza kufanywa daraja, kanuni ya mti ikawashwa, na kijana akaunda ndani yake mitandao ya kubuni, akatengeneza duara, akaliona likizuiwa, akaikata njia na kuhesabu sekunde hadi akiba ifunguke. Atakayefanya hivyo mara kumi sebuleni kwao ataingia ofisini akiwa na kitu kisichopatikana kwa kukariri, nacho ni jicho linalotofautisha mlango mbovu na mlango unaongoja zamu yake.

Basi siku mtandao utakapokatika mahali mnapohusika, na mtu akainuka kwenda kuchomoa nyaya, mzuieni kwa upole. Mwambieni aketi kwanza, alifungue jedwali, awasomee kwa sauti shina ni lipi, mlango upi umezuiwa, gharama ni ngapi, na mti ulibadilika lini. Akishayasema hayo, mwacheni afanye kazi yake.